Tupeane uzoefu: Mwaka 2004, Michuki alipotufunga mikanda

Mwana_Eastlands:
Jana nilikuwa Grogan natafuta kioo cha pembeni. Kando ya duka kuna fundi anakwangua Nissan kuukuu aipake rangi upya, na chini ya ile nyeupe ukaanza kujitokeza mstari wa manjano. Kijana anayemsaidia akauliza kama gari lilikuwa la shule. Nikacheka, kisha nikaona sina wa kucheka naye. Wote pale ni watoto wa juzi.

Kwa hiyo nimewaletea nyinyi mliokuwapo. Jumapili, tarehe 1 Februari 2004, zile kanuni za matatu za Waziri wa Uchukuzi John Michuki zikaanza kazi: mkanda kwa kila kiti, spidi gavana ya kilomita 80 kwa saa, mstari wa manjano ubavuni, abiria 14 na si zaidi, dere na makanga (dereva na kondakta) na sare zao na beji. Jumatatu yake magari mengi hayakuonekana, mji mzima ukatembea. Lakini sitaki mikanda peke yake. Nataka mwaka wenyewe: gari ulilopanda, wimbo uliokuwa unapigwa, redio ilikuwa inasema nini. Namba za magari zilikuwa hazijafika hata KBA. Safari Rally ndiyo ilikuwa imeshatolewa kwenye mashindano ya dunia, tukabaki na vumbi letu wenyewe. Leteni.

Kiatu_Kimoja:
Jogoo Road, kwa miguu. Ulinikuta hapo.

Wa_Donholm:
Tulikuwa wote. Mpaka wenye suti walikuwa wamevua koti wamelitundika begani.

Binti_Umoja:
Acha nitoe langu, kwa sababu sijawahi kuliandika popote.

Wiki ile ndiyo nilikuwa naripoti kidato cha kwanza, shule ya bweni huko Ukambani. Sanduku la bati jipya, godoro limekunjwa na kufungwa kwa kamba ya katani, ndoo yenye sabuni na karatasi za chooni. Mama alikuwa amepiga hesabu ya nauli mpaka shilingi ya mwisho: mbao (shilingi ishirini) kutoka Umoja hadi mjini, halafu basi pale Machakos Airport, ile stendi ya mabasi. Tukafika steji alfajiri, tupu. Magari machache yaliyokuwa yameshafungwa mikanda na gavana yalikuwa na foleni ndefu, na makanga anaita hamsini, tena hataki godoro.

Mama akasema twende. Akabeba godoro kichwani, mimi na kaka yangu mdogo tukashika sanduku kila mtu upande wake. Mutindwa, Rabai Road, tukaingia Jogoo Road. Wale mliokuwa pale mnajua, barabara ilikuwa ya watu, magari ndiyo yalikuwa wageni. Tulipokaribia City Stadium, mkono wa sanduku ukang'oka. Likaanguka kwa pembe, kifuniko kikafunguka, na kila kitu nilichonunuliwa kikamwagika mbele ya wafanyakazi wa nusu ya Eastlands. Pedi, chupi mpya ambazo mama alikuwa amezishona jina langu kwa uzi mwekundu, Blue Band, kila kitu. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Nilikaa chini pale pale nikakataa kuinuka. Nikamwambia mama sitaki tena shule, nitasomea nyumbani.

Watu walisimama. Kina mama wawili wakajenga ukuta na leso zao, mmoja akawa anaokota. Halafu baba mmoja, nadhani karani wa benki kwa vile alivyokuwa amevaa, akavua tai yake, akalizungushia sanduku, akakaza fundo kwa goti, akasema "Haya, nenda ukawe daktari," akaendelea na safari yake. Hata jina hatukumuuliza.

Pale Machakos Airport nauli ilikuwa imepanda mara mbili. Mama akanipa na ile ya kwake ya kurudi. Kwamba alirudi Umoja kwa miguu nilikuja kulijua siku ya kutembelewa, tena kwa mdomo wa kaka yangu, yeye hakusema.

Nilifika shuleni usiku. Mwalimu wa zamu akauliza kwa nini nimechelewa. Nikajibu, "Michuki." Akaniacha. Lakini sanduku lilikuwa limefungwa na tai, kwa hiyo dada wa kidato cha pili wakaniita Tai mpaka nikamaliza. Udaktari sikuufikia. Nauza vipuri.

Wa_Donholm:
Pole dada Tai.

Kiatu_Kimoja:
Nimesoma nikasimama dukani kwa watu na unga mkononi.

Mama_Shiku:
Kweli kabisa hiyo ya mbao kuwa hamsini. Ukilalamika unaambiwa sogea mwenzako apande.

Makanga_Mstaafu:
Sasa sikilizeni upande wa pili, kwa sababu kila mwaka tunatukanwa peke yetu.

Nilikuwa nafanya kazi njia namba 58, Buruburu. Gari letu lilikuwa manyanga haswa. Tupac amechorwa mlango wa nyuma, taa za buluu chini, spika ambazo ukizifungua mpaka mwisho vioo vinaongea. Vijana walikuwa wanaacha magari matatu yapite wakilisubiri letu. Wengine hawakuwa hata na safari, walikuja kusikia nyimbo mpya za studio ya Ogopa Deejays kabla redio haijazipiga. Ukitaka kujua kama wimbo utashika, ulikuwa unauliza makanga wa Buruburu, si mtangazaji.

Januari ile mwenye gari alizeeka tukimwona. Gavana, alipe. Mikanda, alipe. Viti ving'olewe vipangwe upya, kwa sababu ukishaweka mikanda ule ubao wa sambaza, wa kukalia katikati ya viti, hauna kazi, alipe. Cheti cha tabia njema, sisi wenyewe tukapange foleni. Mafundi gereji wamelala na kuamka na magari. Mikanda halisi iliisha, watu wakaanza kushona kamba za mabegi. Nimeona mkanda ambao ukiuvuta kwa nguvu unabaki nao. Abiria nao wanatushika sisi: mkanda una mafuta, mkanda umenichafulia blauzi. Mama mmoja alikuwa anapanda na kitambaa chake anaufuta kwanza, halafu ananitazama.

Siku ya kumfuta Tupac sikwenda. Nilimtuma sikwodi, yule wa kunishikia zamu.

Haya, na kitu hamtaki kusikia: baada ya hapo kazi ilikuwa na heshima zaidi. Nilivaa sare ya maruni, dere ya buluu, na mama mkwe akanikaribisha chai kwa mara ya kwanza. Abiria hawakuwa wanakaliana mapajani. Pesa ya siku ilipungua kwa vichwa lakini nauli ilikuwa imepanda, hesabu ikawa inarudi. Mimi Michuki simtukani.

Rongai_Damu:
Heshima gani? Aliua sanaa. Kulikuwa na vijana wa brashi waliokuwa wanalisha familia kwa kuchora magari, wakabaki kupaka mstari wa manjano tu. Mpaka 2014 Uhuru Kenyatta alipokuja kusema vijana waachwe wachore, ilikuwa miaka kumi ya magari meupe.

Karani_wa_Zamani:
Wewe Rongai, usitoe historia ya uongo. Magari yenu ya njia namba 125 yaliwahi kuwa meupe lini? Yalikuwa na mstari wa manjano na michoro na king'ora, yote pamoja. Baada ya miezi michache kila mtu alirudia mambo yake.

Rongai_Damu:
Hayo ni baadaye. Mimi nasema Februari mpaka katikati ya mwaka. Soma kwanza ndipo ujibu.

Karani_wa_Zamani:
Nimesoma. Umeandika "miaka kumi".

Makanga_Mstaafu:
Na gavana pia. Wiki ya kwanza gari linafika themanini linakohoa. Kufikia Aprili kila dere alikuwa na swichi ndogo ya kuizima chini ya dashibodi. Karao (polisi) akionekana, paa, gari linakuwa la kistaarabu.

Mama_Shiku:
Na ndiyo unasema kazi ilikuwa na heshima.

Mswahili_wa_Likoni:
Nyinyi wa bara kila hadithi ya 2004 ni Jogoo Road, Jogoo Road. Mombasa nayo ilikuwa Kenya.

Kwetu sheria ile iliangukia siku zile zile za Idi ya kuchinja. Watoto wameshavaa, wameshapakwa hina, wanataka kupelekwa Makadara kupanda bembea (Makadara ya huku ni uwanja, si ile mahakama yenu). Twavuka feri vizuri, twapanda kile kilima, steji hata kuku. Jua la kaskazi latuchoma, mtoto wa dada yangu kiatu kipya chamuuma, alia. Babu yetu alikuwa na magoti mabovu. Tukamkodia hamali wa mkokoteni, tukatandika mkeka, mzee akapanda na kanzu yake na bakora, akapita mjini akiamkua watu kwa mkono. Watu wakadhani ni bwana harusi. Wallahi ile ndiyo Idi aliyoisimulia mpaka akafariki, na sisi twalalamika miguu.

Lakini mikanda na bui bui, hilo likawa tatizo jingine. Bibi zetu walikataa kata kata. Makanga akisema "mama funga mkanda", ajibiwa "nifungwe nimeiba?"

Kiatu_Kimoja:
"Nifungwe nimeiba." Hahaha. Mombasa hamna mpinzani.

Dar_Mbagala:
Jirani hapa. Huku kwetu mistari ya rangi kwenye daladala ilikuwa ya kuonyesha njia, hakuna mkanda wala nini. Mwaka huo sisi tulikuwa tunabanana kwenye vipanya, vile vibasi vidogo, tukimsikiliza Mr. Nice. Mkanda wako ulikuwa ni abiria mwenzako.

Wa_Donholm:
Mr. Nice alikuwa wetu wote mwaka ule, usijitenge naye.

Shabiki_Genge:
2004 kwangu ni mwaka rapa E-Sir alipokufa, kila matatu ilikuwa inampiga yeye tu.

Karani_wa_Zamani:
E-Sir alifariki tarehe 16 Machi 2003. Ajali, wakitoka Nakuru kwenye shoo, na Nameless alikuwa ndani ya gari hilo akanusurika.

Shabiki_Genge:
Sawa mwalimu. Lakini kumpiga walimpiga 2004 yote, hilo utalikataa?

Makanga_Mstaafu:
Hakatai. Sisi tulikuwa tunafungua siku na E-Sir, saa ya mchana Nonini na Redsan, jioni ya wazee tunaweka taratibu. Na kuna watu walisema E-Sir ndiye aliyefanya wenye magari wakubali mikanda kimoyomoyo. Msanii wa umri ule, mwenye jina lile, kuondoka barabarani, kulinyamazisha hata wale vijana wa kuning'inia mlangoni. Kwa muda.

Mama_Shiku:
Redio asubuhi jamani. Caroline Mutoko na Nyambane. Kama gari halikuwa na redio yao ya Kiss nilikuwa nashuka.

Kangemi_Juu:
Mimi nilijua habari zote za mwaka ule nikiwa kwenye Nissan. Julai balozi wa Uingereza Edward Clay aliposema wala rushwa serikalini wanawatapikia wafadhili viatu, gari zima liliinua miguu. Agosti, Athens, ile mbio ya kuruka viunzi na maji, Ezekiel Kemboi, Brimin Kipruto, Paul Koech, dhahabu fedha shaba zote zetu. Dere aliegesha kando akazima injini tusikie vizuri. Hakuna aliyemwambia twende. Oktoba, Wangari Maathai na Nobel. Hapo makanga aliongeza sauti bila kuombwa, na mzee mmoja akasema yule mama walimpiga pale Uhuru Park na wengine Karura, sasa wamwimbie. Leo kila mtu ana simu yake sikioni. Hata Wakenya watatu wakishinda, unashinda peke yako.

Otis_Kahawa:
Nyinyi mnalilia miguu. Mimi mkanda wa Michuki nusura uvunje ndoa ya watu.

Ni Agosti hiyo hiyo ya Athens. Rafiki yangu anaoa Ruiru saa nne asubuhi, mimi ndiye msimamizi wake, pete mbili ziko mfukoni mwangu kwenye kiboksi cha mahameli. Gari la kunichukua likaharibika gia. Nikaona nisichelewe, nikarukia Nissan pale Roysambu, suti ya maziwa, ua kifuani. Nimekaa, natafuta pa kuchomeka mkanda, hakuna. Ulimi upo, tundu halipo. Makanga akaniambia, "Boss, wewe shikilia tu hapo kiunoni, wakichungulia wataona umefunga."

Mbele kidogo, kizuizi. Afande akafungua mlango akaanza kuvuta mkanda mmoja baada ya mwingine. Wangu ukamfuata mkononi, wote, mpaka na skrubu.

Tukapandishwa Mariamu, lile gari la polisi, mimi na wenzangu wa kiti cha nyuma. Kituoni wakasema toeni kila kitu. Mshipi, kamba za viatu, simu, kiboksi. Afande wa mezani akakifungua.
"Za nani?"
"Za harusi."
"Yako?"
"Ya mwenzangu."
"Sasa pete ya mke wa mwenzako inatafuta nini kwako?"
Seli nzima ikalala chini kwa kicheko. Akaandika kwenye kitabu: pete mbili, umiliki haujulikani.

Kabla hawajachukua simu nilikuwa nimemfleshi bwana harusi, yaani nikapiga nikakata, kwa sababu salio lilikuwa la kufleshi tu. Yeye akaelewa kwamba nimefika karibu. Nikamwomba afande mmoja mwenye huruma, akanirudishia simu nikafleshi tena. Kumbe kila nikifleshi, msema chochote anashika maikrofoni anawaambia watu, "Ameingia Ruiru!" na kina mama wanapiga vigelegele. Niliingia Ruiru kama mara nne hivi nikiwa seli.

Saa saba ndipo kijana mmoja aliyekuwa nasi, akalipiwa akatoka mapema, akaenda kuwaeleza. Bwana harusi akaja mwenyewe na gari la maua na riboni, mchungaji kiti cha nyuma. Dhamana ikalipwa, pete zikahesabiwa, nikasaini. Tunatoka langoni, yule afande wa kizuizi akainama dirishani akatazama ndani kwa utulivu.
"Mchungaji. Mkanda?"
Hakuwa amefunga.

Kiatu_Kimoja:
NIMEKUFA.

Mama_Shiku:
Ehe? Mchungaji akalipa?

Otis_Kahawa:
Aliomba amwombee. Afande akavua kofia, akaombewa, akasema amina, kisha akauliza ya chai iko wapi.

Rongai_Damu:
Hekaya. Seli kwa sababu ya mkanda? Ilikuwa faini.

Otis_Kahawa:
Kaka, faini unalipa mbele ya hakimu. Jumamosi hakimu yuko shambani kwake. Kati ya kizuizi na hakimu ndipo mahali nilipokuwa.

Karani_wa_Zamani:
Hapo Otis anasema kweli. Abiria walishikwa mwaka ule, si dere na makanga tu. Hiyo ya mchungaji ndiyo siwezi kuitetea.

Binti_Umoja:
Mimi naiamini yote. Na bibi harusi je?

Otis_Kahawa:
Bado wako pamoja. Yeye kila nikienda kwao ananifunga mkanda wa kiti cha kulia chakula, ule wa mtoto. Hajasamehe.

Shabiki_Genge:
Kwa hiyo uzi umeshakuwa wa Otis. Mwana_Eastlands rudi utuongoze.

Mwana_Eastlands:
Nimerudi, nilikuwa nacheka. Kuna aliyenitumia ujumbe anataka ushauri, nikamwambia aulize hapa.

Fundi_Mdogo_254:
Ndiyo mimi, asanteni. Nimenunua Nissan ya zamani ya matatu, imekufa lakini bodi ni nzima. Nataka niirudishe ilivyokuwa mwaka huo, niwe naipeleka kwenye maonyesho ya magari ya zamani na kukodisha kwa video za wasanii. Mimi nilikuwa nasoma nasari wakati huo. Nianzie wapi?

Makanga_Mstaafu:
Anza na spika. Mengine yatafuata.

Karani_wa_Zamani:
Usianze na spika. Anza na sakafu, hizo Nissan zinaoza chini ya kiti cha dereva na karibu na mlango wa kusukuma. Ukipaka rangi kabla ya kuchomelea utarudi kulia hapa.

Rongai_Damu:
Michoro. Tafuta mchoraji wa zamani, si wa stika za kompyuta. Uso ukichorwa kwa mkono utajua, jicho moja huwa kubwa.

Mama_Shiku:
Mstari wa manjano usisahau.

Rongai_Damu:
Mstari wa nini? Afanye ya Januari 2004. Kabla.

Mama_Shiku:
Amesema mwaka 2004, na mwaka 2004 ni miezi kumi na miwili, mmoja tu ndio hauna mstari.

Mswahili_wa_Likoni:
Upande mmoja aweke mstari, upande wa pili achore. Mwenye kupiga picha achague pa kusimama.

Fundi_Mdogo_254:
Hiyo naipenda kusema kweli.

Karani_wa_Zamani:
Na gari likitaka kutembea barabarani leo, wakaguzi watakuuliza la kazi gani. Lisajili kama la binafsi mapema, toa neno lolote la njia na nauli. Usiambiwe unabeba abiria bila leseni.

Binti_Umoja:
Vipuri vya Nissan hizo bado vipo. Gavana za kwanza kwanza, zile kubwa, ndizo ngumu kupata. Watu walizitupa. Njoo dukani tuangalie kwenye sanduku la mabaki, lakini usitegemee.

Makanga_Mstaafu:
Gavana ya nini, weka swichi tu. Hiyo ndiyo historia yenyewe.

Kiatu_Kimoja:
Mikanda ashone kwa kamba za begi.

Otis_Kahawa:
Mikanda anunue mipya, yenye tundu. Naomba kama mtu aliyeumia.

Dar_Mbagala:
Mkimaliza mtupe lifti mpaka Namanga.

Fundi_Mdogo_254:
Swali la mwisho. Ule ubao wa sambaza wa kuweka katikati ya viti, nauweka au siuweki?

Makanga_Mstaafu:
Weka. Bila ubao hiyo si matatu, ni gari la kanisa.

Karani_wa_Zamani:
Ukiuweka nitakuitia karao mwenyewe.